Barua zenu: Ukishamrekodi mtu, stori inakuwa ya nani?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu maigizo yanayotungwa kwa maneno ya watu wenyewe, yaani hukai chini ukabuni, unaenda kwa watu waliokutwa na jambo, unawasikiliza, unarekodi, unapanga, halafu waigizaji wanayasema jukwaani kama yalivyosemwa. Nikajua nimemaliza. Simu haijapoa tangu siku ile. Nimechukua barua sita, zingine zisubiri, na yule wa Mafiati aliyeuliza kama nakodisha spika anisamehe, sikodishi.

Shikamoo mwalimu. Sisi ni kikundi cha vijana saba wa Mwanjelwa, hapa Mbeya. Tumeenda Chunya mara mbili, kule Makongolosi, tukawarekodi wachimbaji wadogo na akina mama wanaofanya kazi kwenye marudio, yaani ule mchanga uliokwisha oshwa mara ya kwanza, tunataka igizo kuhusu zebaki. Tuna masaa kumi na moja ya sauti kwenye simu. Kuna mama anachoma dhahabu jikoni kwake kabisa, akitaka kuanza huwa anamtuma mtoto kwa jirani akaombe chumvi. Sasa skripti ina wiki ya nne haisogei. Mwenzetu mmoja anasema tuweke mtu anakufa mwishoni ili watu walie. Tufanyeje? (Kikundi, Mwanjelwa)

Marahaba wanangu. Msimuue mtu. Mtu hajafa kwenye masaa yenu kumi na moja, nyie mnampelekea maiti ya nini?

Halafu nimecheka peke yangu, maana igizo lenu mmeshaliandika kwenye hii barua na hamjaliona. Mmelipitia kwa mstari mmoja mkakimbilia kifo. Chumvi. Mama anamtuma mtoto chumvi. Kesho tena chumvi. Keshokutwa chumvi. Nyumba ile inakula chumvi kiasi gani jamani? Jirani naye anajua, ndo maana haulizi, anampa kijiko kimoja anamwambia kaa kwanza unywe uji. Huyo mama anajua kuwa ule moshi sio mzuri, anajua kuliko mimi na nyie, na bado anawasha jiko kwa sababu mwenye kununua anataka dhahabu iliyokwisha chomwa na ada ya shule haisubiri. Sasa mkimleta daktari jukwaani aje amfundishe madhara, mmemtukana.

Cha kufanya, kaeni na zile sauti bila kuandika chochote siku mbili. Sikilizeni tu, hata mkiwa kwenye daladala. Mkifika mahali mtu anabadilika sauti, au anacheka pasipochekesha, au anakaa kimya mpaka mnasikia kuku, andikeni dakika ile. Mkimaliza mtakuta mna sehemu kama ishirini hivi, igizo liko humo. Ndipo muandike neno kwa neno, na "yaani" zake, na "eeh" zake, na pale aliposema Kisafwa au Kinyakyusa kiacheni kilivyo, watu wa Mbeya wataelewa na asiyeelewa ataona uso. Mkisafisha Kiswahili chake kikawa cha taarifa ya habari, mmebaki na nini?

Mikono pia. Mlimuona anavyofanya? Mchanga umeshaoshwa, zebaki imekamata dhahabu, anaiweka kwenye kitambaa anakamua, zebaki iliyozidi inatoka kama maziwa mazito ya rangi ya bati, kinabaki kidonge cha kijivu. Kile ndo kinaenda kwenye moto, zebaki inaruka hewani, dhahabu inabaki. Mwigizaji wenu afanye hivyo hivyo kwa kipande cha kanga na donge la ngano lililokandwa, polepole, huku anaongea habari za ada. Zebaki ya kweli msiilete kwenye mazoezi hata tone, nawafahamu vijana.

Kitu kimoja cha ukweli mkishike vizuri. Najua mtakutana na habari za Minamata na mtatamani kuzichomeka, kwa sababu hata mkataba wa dunia wa zebaki wa mwaka 2013, ambao Tanzania imo, unaitwa Mkataba wa Minamata. Ule ni mji wa wavuvi huko Japani. Kiwanda cha Chisso kilimwaga maji machafu yenye zebaki baharini miaka na miaka, ikaingia kwenye samaki, watu wakala samaki, paka wakaanza kuyumba kama wanacheza ngoma, na mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi. Ile ilikuwa zebaki ya aina nyingine, imepita kwa samaki, na watoto walizaliwa nayo. Mama yenu wa Makongolosi anavuta mvuke, na mvuke una njia zake, mikono kutetemeka, kusahausahau, hasira za ghafla, fizi. Kwa hiyo msichukue viungo vilivyopinda vya watoto wa Japani mkamvalisha mtoto wa Chunya ili ukumbi ulie. Mtu mmoja tu wa afya akisimama akasema huo ni uongo, igizo lote limekufa, na mama yule ameonekana muongo kwa kosa lenu.

Ila kuna stori moja ya Minamata naitaka muijue, na hii msiiweke jukwaani, iwekeni kichwani. Mwaka 1971 mpiga picha Mmarekani, W. Eugene Smith, alihamia pale na mke wake Aileen, wakaishi karibu miaka mitatu katikati ya wale watu. Hawakuja na gari asubuhi wakaondoka jioni. Kati ya picha zao kuna moja mama amempakata binti yake kwenye maji ya kuoga, binti aliyezaliwa na ugonjwa ule, mama anamwangalia tu. Picha ile ilizunguka dunia nzima. Wazazi walikubali ipigwe, walitaka watu waone. Binti akafariki mwaka 1977 na picha ikaendelea kuzunguka, kwenye mabango, kwenye vitabu, mtoto wao marehemu yuko uchi mbele za watu kila kona, mpaka wazazi wakachoka, wakataka apumzike. Mwaka 1998 Aileen akawarudishia wazazi uamuzi wa ile picha, akaacha kutoa ruhusa ya kuichapisha. Picha maarufu kuliko zote alizonazo! Nadhani huo ndo uungwana mkubwa kwenye kazi hii, na alikuwa na kila sababu ya kukataa, sheria ilikuwa upande wake.

Sasa nyie hamjafika huko. Lakini ile "ndiyo" mama aliyowapa siku ile jikoni aliwapa nyie na simu yenu, hakuwapa ukumbi wa watu mia tatu. Kwa hiyo igizo likiiva lipandisheni mlima lirudi Chunya kwanza. Msianzie Mbeya. Fanyeni uani kwake kama atakubali, mbele ya yeye na jirani wa chumvi, bila taa bila spika. Akisema kile kipande cha mume wangu kitoeni, kinatoka, hata kama ndo kitamu kuliko vyote. Na atasema hicho hicho, nawaambieni, ni hicho hicho kitamu.

Mwalimu habari. Mwigizaji aige sauti ya mtu mpaka wapi? Mzee tuliyemrekodi anaongea kwa shida kidogo. (Msomaji, Tukuyu)

Hapa nijibu kwa aibu yangu mwenyewe. Miaka ya nyuma sana tulikwenda Kyela baada ya mafuriko, tukamrekodi mzee mmoja aliyepoteza ng'ombe. Mzee ana kigugumizi. Kijana wetu alikuwa hodari wa kuiga, akakishika kile kigugumizi sawasawa, mazoezini tukawa tunampigia makofi. Tukaenda kuonyesha palepale kijijini, watu wakaanza kucheka, wamemtambua. Wakacheka mpaka habari ya ng'ombe haikusikika. Mzee alikuwa benchi la pili. Akanyanyuka taratibu akaenda kama anaenda msalani, hakurudi.

Asubuhi nikaenda kwake kuomba radhi. Alinikaribisha vizuri, akanipa chai na ndizi za kuchemsha, tukaongea habari za mpunga, mimi nazunguka tu sisemi. Mwisho akanisaidia yeye. Akasema, "Mwanangu, kigugumizi changu nakijua siku nyingi. Mimi nilikupa ng'ombe wangu."

Basi tangu siku hiyo nawaambia waigizaji, chukueni pumzi yake, mwendo wa sentensi zake, pale anaporudia neno, ila kasoro ya mwili muiache nyumbani kwake.

Mambo vipi kaka. Mi napiga picha za harusi na paspoti hapa Kyela. Maji ya mafuriko yaliposhuka nikaanza kuwapiga watu picha kwenye nyumba zao, nataka kufanya maonyesho. Mama mmoja alikataa kupigwa akiwa anazoa tope, akaniambia njoo Jumapili. Jumapili namkuta kavaa kitenge kipya, hereni, kaketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya ukuta wake. Nikapiga. Jamaa mmoja wa kununua picha kaniambia hiyo haina mguso, nimrudie nimpige akiwa kazini. Nani yuko sahihi? (Mpiga picha, Kyela)

Poa mdogo wangu. Mama yuko sahihi, jamaa anataka tope.

Kyela watu wanajua maji. Songwe, Kiwira, Lufilyo, Mbaka, yote yanashuka toka milimani yanakutana na nyie mkiwa tambarare, na Songwe wenyewe umekuwa ukihamahama mpaka mtu anaamka mpaka wa nchi umesogea shambani kwake. Kwa hiyo picha ya mtu amesimama kwenye maji magotini mnazo nyingi, kila simu inayo. Picha ya mtu aliyeambiwa chagua mwenyewe uonekane vipi, hizo ni chache.

Iangalie tena hiyo ya Jumapili. Umesema mbele ya ukuta wake. Ukuta wa nyumba iliyoingia maji una mstari, si ndiyo? Ule wa kahawia unaoonyesha maji yalifika wapi. Uko juu ya kichwa chake au chini? Kama uko juu ya kichwa chake na yeye kakaa chini yake na hereni zake anakuangalia, aisee hiyo picha mimi nisingeibadilisha chochote. Kama umeukata, rudi ukaombe tena, sogea nyuma hatua nne, piga asubuhi au saa kumi na moja jioni, flashi zima, simu yako au kamera iwe usawa wa macho yake, usisimame ukampiga kama unamchungulia kisimani.

Kuna picha moja ya Marekani ya mwaka 1936 ambayo kila mpiga picha ameiona, mama na wanawe kwenye kambi ya wachuma njegere kule California, njegere zimeharibiwa na baridi, mkono uko shavuni. Dorothea Lange aliipiga kwa dakika chache na hakumuuliza mama jina. Ikawa maarufu ajabu. Mwaka 1978 mama yule akapatikana, na alikuwa na kinyongo, alisema anatamani asingepigwa, kwamba hakuulizwa jina na hajapata hata senti. Lange mwenyewe alikuwa ameajiriwa na serikali, naye hakuwa tajiri kwa ile picha, lakini jina alipata yeye. Kwa hiyo we muulize mama jina anataka liandikwe vipi, wengine watasema Mama fulani, wengine jina la ubatizo, wengine watasema usiandike. Na mpelekee nakala iliyosafishwa, ya karatasi, kwenye fremu ukiweza. Ya kwenye simu inapotea simu ikidondoka.

Jamaa wa mguso mwambie asubiri mvua aje mwenyewe.

Je ni lazima vibali? (Msomaji, Mbalizi)

Ndiyo. Kikundi kijisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na kama kazi ni filamu au video ya kuonyesha kuna Bodi ya Filamu. Kijijini usianze na mama jikoni, anza kwa mwenyekiti na mtendaji, na barua yenye muhuri mkononi, utajiokolea mambo mengi. Sauti na sura ya mtu ni taarifa zake binafsi na siku hizi kuna sheria yake ya mwaka 2022, kwa hiyo ridhaa iandikwe, au kama mtu hasomi mrekodi akikubali kwa mdomo baada ya kuelezwa itaonyeshwa wapi. Mtoto wa chini ya miaka 18 ongea na mzazi, na mtoto pia muulize, watu wanasahau.

Kamwene mwalimu. Tuko Iringa, tunatengeneza igizo la Ruaha Mkuu kukauka. Tumehoji Pawaga, Idodi, tumefika mpaka Mbarali. Kila mtu analaumu mwingine. Wa huku chini wanawalaumu wa mpunga, wa mpunga wanawalaumu wafugaji, wafugaji wanasema sisi tulishahamishwa na mto bado unakauka. Mfadhili anataka mwisho wa matumaini, kijiji kizima kinapanda miti kinaimba. Tunaogopa kumkosa. (Kikundi, Iringa)

Kamwene. Kwanza hongereni kwa kufika Mbarali, wengi wanaishia pale barabarani wanapouza vitunguu.

Hizo lawama ndo igizo. Msizipatanishe. Mto ule umekuwa ukikatika kila kiangazi tangu mwaka 1993, ukipita hifadhini unakuta viboko wamebanana kwenye dimbwi, na maji hayohayo ndo yanatakiwa yafike Mtera na Kidatu yageuke umeme. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wakaondolewa bonde la Usangu, huko juu Mbarali, na mifugo yao, mwaka 2008 eneo likaingizwa Hifadhi ya Ruaha. Kila mmoja mliyemrekodi kashika kipande cha ukweli na kipande cha hasira, na kila mmoja anasema vizuri sana kuhusu maji ya mwenzake. Nikiwa mimi ningekuwa na ndoo moja tu jukwaani, imejaa kweli kweli, kila anayeongea anachota akiwa anaeleza jinsi mwenzake anavyochota. Mtu wa Pawaga anaongea wa mwisho. Hamsemi chochote, anaipindua ndoo tu anakalia.

Wafugaji mliowapata, kama walihamishwa, hao wasichezwe na mtu anayewachekesha watu kwa lafudhi ya Kisukuma au Kimasai. Iringa na Mbeya tunalipenda sana hilo, tuache. Na msiende kuwaonyesha wakulima tu. Mkionyesha upande mmoja mmetengeneza mkutano wa hadhara.

Wazee wetu wa fani walishapita huku. Miaka ya mwanzo ya 1980 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Muhando, walikwenda Malya kule Usukumani, na kilichofungua midomo ya wanakijiji ilikuwa ngoma yao wenyewe, wigashe, maana kwenye ngoma unaweza kumsema mtu ambaye kwenye kikao huwezi. Kwa hiyo kabla hamjaandika tukio la tatu ulizeni Idodi wanaimba nini wakati wa kiangazi. Isije kuwa mna wimbo wa mto mnaulizia skripti.

Sasa mfadhili. Nimekula hela za wafadhili, siwezi kujifanya mtakatifu. Mwambieni hivi, baada ya igizo kutakuwa na mazungumzo, watazamaji wenyewe wataitwa jukwaani wajaribu kumaliza, hii njia alituachia Mbrazili Augusto Boal na watu wa maandiko ya miradi wanaipenda, andikeni hivyo kwenye andiko mtaona. Matumaini yakipatikana yatatoka kwa watu, na yasipopatikana mna rekodi ya watu wakigombana kuhusu zamu ya maji, ambayo kwa mradi wa maji ina faida kuliko kwaya. Kuhusu kupanda miti, mimi nimeshaona kikundi kinaimba jukwaani kimeshika miche, nikasogea kuangalia, mikaratusi, miti inayofyonza maji. Wanakwenda kuipanda kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, juu ya chemchemi. Nikanyamaza, ilikuwa sherehe.

Shikamoo. Mimi sio msanii. Sisi ni wa Itezi, nyumba yetu ilifunikwa Aprili 2024 tope liliposhuka toka mlima Kawetere. Hatukufa ila hatuna kitu. Wamekuja watu wa kuhoji mara mbili, mama akawaeleza yote, sasa wanakuja wengine wa igizo. Kila akishaeleza, usiku ule halali, na mvua ikianza anakaa mlangoni na viatu. Lakini anaona aibu kuwakatalia wageni. Naruhusiwa kuwakatalia mimi? (Msomaji, Itezi)

Marahaba mwanangu, na poleni sana.

Unaruhusiwa. Wapigie leo, usingoje wafike mlangoni, maana wakishakaa mama atapika chai na ataeleza tena. Sema tu mama hatahojiwa, hauna haja ya kutoa sababu, na wakiwa watu wa maana watasema sawa na watauliza kama kuna kitu mnahitaji. Wakikubembeleza ujue umefanya vizuri.

Wale wa kwanza na wa pili watafute pia. Waombe nakala ya sauti yote ya mama, sio ile waliyoikata. Uitunze wewe. Siku akitaka kuhadithia wajukuu habari ya ile nyumba mnawasha tu, na yeye anakwenda zake jikoni.